A. S. Hornby

Albert Sidney Hornby (Chester, 10 Agosti 1898 - London, 13 Septemba 1978), anayejulikana zaidi kama A. S. Hornby, alikuwa mwalimu, mwanasarufi na mtunzi wa kamusi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kamusi ya Kiingereza aliyoitunga kwa ajili ya watu wanaojifunza lugha hiyo kama lugha ya kigeni. Kamusi hiyo ilitungwa nchini Japani pamoja na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ikachapishwa mara ya kwanza mjini Tokyo mwaka 1942, wakati nchi yake na Japani zilikuwa vitani. Leo inajulikana kwa jina la Oxford Advanced Learner's Dictionary, na mamilioni ya nakala zake yameuzwa duniani kote.

Mchango wake mkubwa ulikuwa kuonyesha kwamba kujua maana ya neno hakutoshi. Mwanafunzi aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo anahitaji pia kujua neno linatumikaje katika sentensi, linafuatana na maneno gani, na lina mipaka gani. Wazo hilo limekuwa msingi wa kamusi karibu zote za wanafunzi wa Kiingereza zilizotungwa baada yake.

== Maisha ya awali ==

Hornby alizaliwa Chester, mji wa kale ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Alisoma lugha na fasihi ya Kiingereza katika University College London, chuo ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Katika miaka hiyo kufundisha Kiingereza kwa wageni hakukuwa taaluma inayosomewa chuoni. Aliyepata shahada ya Kiingereza alitarajiwa kuijua fasihi ya lugha yake, na ilidhaniwa kuwa mtu anayejua lugha kwa kuzaliwa nayo anaweza kuifundisha bila maandalizi mengine. Hornby naye aliondoka kwao akiwa na elimu hiyo ya fasihi.

== Mwalimu mjini Oita ==

Mwaka 1924 Hornby alikwenda Japani kufundisha katika Shule ya Juu ya Biashara ya Oita. Mji wa Oita uko katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa nchi, mbali na Tokyo. Shule hiyo baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Oita.

Aliajiriwa ili afundishe fasihi ya Kiingereza, lakini mara aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa na shida nyingine. Walikuwa wamesoma Kiingereza kwa miaka kadhaa katika shule za kati. Kwa desturi ya wakati ule, Kiingereza kilisomwa kwa kutafsiri: mwanafunzi alichukua sentensi ya kigeni, akatafuta maana ya kila neno kwa Kijapani, kisha akayapanga upya maneno hayo kwa mfuatano wa Kijapani. Mitihani ya kuingia shule za juu iliupa nguvu mtindo huo. Matokeo yake wanafunzi wengi waliweza kufumbua maandiko magumu, lakini walishindwa kuandika barua fupi au kuzungumza sentensi chache bila makosa.

Hornby aliona kwamba makosa ya wanafunzi hayakutokana na uchache wa maneno waliyoyajua. Walijua maneno mengi, ila waliyatumia kwa kanuni za lugha yao wenyewe. Kamusi walizokuwa nazo hazikuwasaidia. Kamusi za Kiingereza na Kijapani ziliwapa neno moja badala ya lingine, nazo kamusi kubwa zilizotoka Uingereza ziliandikwa kwa Waingereza, ambao hawakuhitaji kuambiwa neno la kawaida linatumikaje. Kamusi hizo zilieleza kwa kirefu maneno adimu na kuyapita kwa haraka maneno ya kila siku, ambayo ndiyo yanayomtatiza mgeni zaidi.

== Harold Palmer na taasisi ya Tokyo ==

Hornby hakuwa wa kwanza kuliona tatizo hilo. Mwaka 1922 Mwingereza mwingine, Harold E. Palmer, aliwasili Japani kama mshauri wa ufundishaji wa Kiingereza. Alialikwa na mwanaelimu Sawayanagi Masataro, na gharama zilisaidiwa na mfanyabiashara tajiri Matsukata Kojiro. Mwaka 1923 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo, chini ya Wizara ya Elimu ya Japani, na Palmer akawa mkurugenzi wake. Taasisi hiyo ilijulikana kwa kifupi kama IRET.

Palmer alitaka Kiingereza kifundishwe kwanza kwa kusikia na kusema, halafu kwa kusoma na kuandika. Lakini alijishughulisha pia na maswali mawili yaliyokuja kutawala maisha ya Hornby. Swali la kwanza lilihusu wingi wa maneno: kati ya maelfu ya maneno ya Kiingereza, ni yapi yanayomfaa mwanafunzi kwanza? Swali la pili lilihusu matumizi: mwanafunzi akisha kulijua neno, atajuaje kulitumia bila kukosea?

Taasisi ilitoa jarida lake, na walimu waliokaa mikoani waliweza kufuata utafiti na kuchangia. Hornby alivutiwa na kazi hiyo akiwa Oita, akaanza kushirikiana na Palmer. Katika miaka ya 1930 Palmer alimwalika ashiriki katika mpango wa utafiti wa msamiati, na Hornby akahamia Tokyo, ambako alifundisha huku akifanya kazi ya taasisi. Mwaka 1936 Palmer alirudi Uingereza, na Hornby akachukua uongozi wa utafiti na uhariri wa jarida.

== Utafiti wa msamiati ==

Miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa kipindi cha mjadala mkubwa kuhusu msamiati wa Kiingereza. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Edward Thorndike alikuwa amechapisha mwaka 1921 orodha ya maneno 10,000 yaliyopangwa kufuatana na wingi wa kutokea kwake katika maandishi. Katika Bengal, mwalimu Michael West alitunga vitabu vya kusoma ambamo maneno mapya yaliingizwa kidogokidogo. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza mfumo wa Kiingereza cha msingi wenye maneno 850 tu, akidai kwamba hayo yanatosha kwa mahitaji ya kawaida.

Palmer na West hawakukubaliana na Ogden. Waliona kwamba kupunguza maneno kupita kiasi kunamlazimisha mwanafunzi kutumia mafungu marefu ya maneno badala ya neno moja la kawaida, na kwamba lugha inayopatikana si ile inayotumiwa na watu. Mikutano iliyofadhiliwa na shirika la Carnegie ilifanyika New York mwaka 1934 na London mwaka 1935, na ripoti iliyotokana nayo ilichapishwa mwaka 1936 ikiwa na orodha ya maneno yapatayo 2,000. Orodha hiyo ilirekebishwa na West na kuchapishwa tena mwaka 1953, ikawa mwongozo wa waandishi wengi wa vitabu vya shule.

Kazi ya Hornby ililenga upande mwingine wa jambo hilohilo. Mwaka 1933 taasisi ya Tokyo ilitoa ripoti kuhusu maneno ya Kiingereza yanayozoea kufuatana, na Hornby alikuwa na sehemu kubwa katika kuyakusanya. Watafiti waligundua kwamba mafungu ya aina hiyo ni mengi kuliko walivyotarajia, na kwamba mengi kati yao hayawezi kubashiriwa kwa kujua maana ya kila neno peke yake.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hilo kwa urahisi akifikiria kitenzi kupiga. Mgeni anayejua maana yake ya kwanza tu hawezi kukisia kwamba Waswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga deki na hupiga mswaki. Ni lazima ajifunze kila fungu kama lilivyo. Kiingereza nacho kina mazoea yake. Kwa mfano, pale Kiswahili kinaposema mvua kubwa, Kiingereza hutumia neno "heavy", yaani nzito. Na pale Kiswahili kinaposema chai ya rangi imekolea, Kiingereza husema chai ina nguvu, "strong". Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno ataeleweka, lakini atakuwa amekosea.

Mwaka 1937 Palmer na Hornby walitoa pamoja kitabu kidogo kuhusu Kiingereza cha maneno elfu moja, kilichokusudiwa kwa waandishi wanaorahisisha hadithi kwa wanafunzi. Mwaka 1938 Palmer alichapisha London kitabu cha sarufi ya maneno, kilichoeleza kwa undani matumizi ya maneno yapatayo elfu moja yenye matatizo. Kitabu hicho kilionyesha njia, lakini kilikuwa na maneno machache mno kuweza kuwa kamusi kamili.

== Kutungwa kwa kamusi ==

Kamusi iliyokusudiwa na taasisi ya Tokyo ilikuwa kubwa zaidi. Hornby aliianza mwaka 1937, miezi michache tu baada ya Palmer kuondoka, akisaidiwa na Gatenby na Wakefield, ambao pia walikuwa walimu wa Kiingereza nchini Japani. Mswada ulikamilika mwaka 1940.

Watunzi waliamua mambo manne ambayo yaliitofautisha na kamusi zilizotangulia.

Kwanza, iwe kamusi ya lugha moja. Fasili zote ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza chepesi kadiri ilivyowezekana, ili mwanafunzi azoee kufikiri katika lugha anayojifunza. Kwa sababu hiyo kamusi iliyotungwa kwa Wajapani iliweza baadaye kutumiwa na Waarabu, Waafrika, Wahindi na Wazungu bila kubadilishwa.

Pili, maneno ya kale, maneno adimu na maneno ya kitaalamu sana yaliachwa nje, na nafasi iliyopatikana ikatumika kueleza kwa kirefu maneno ya kawaida.

Tatu, kila nomino ionyeshe kama inahesabika au haihesabiki. Jambo hili dogo ni gumu kwa wageni wengi. Kijapani hakina wingi wa nomino kama ule wa Kiingereza, na hata Mswahili aliyezoea kusema shauri na mashauri, au habari moja na habari mbili, hawezi kukisia kwamba maneno ya Kiingereza "advice" na "information" hayana wingi. Herufi mbili, C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika, zilitosha kumwepusha mwanafunzi na kosa ambalo angelirudia maisha yake yote.

Nne, na hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, kila kitenzi kipewe alama ya miundo ya sentensi kinayokubali. Watunzi walipanga miundo 25 ya vitenzi, wakaiorodhesha mwanzoni mwa kitabu na kuipa namba. Mwanafunzi aliyetafuta kitenzi alikuta namba hizo kando ya maana na mifano. Kwa njia hii aliweza kuona kwamba kitenzi "want" kinaweza kufuatwa na mtu na tendo atakalofanya, ilhali "suggest", ingawa maana yake haiko mbali, hakikubali muundo huo. Vilevile aliona kwamba "enjoy" hufuatwa na kitenzi chenye mwisho wa -ing, wala si kitenzi-jina chenye "to". Haya ni mambo ambayo mzaliwa wa lugha huyajua bila kufundishwa, na ambayo kamusi za wazaliwa hazikuwa na haja ya kuyataja.

Kwa kila neno muhimu waliongeza mifano mifupi ya matumizi. Mara nyingi mifano hiyo haikuwa sentensi kamili bali mafungu ya maneno, ili mwanafunzi aone neno likiwa pamoja na majirani zake wa kawaida.

== Vita na kukamatwa ==

Wakati mswada ulipokuwa ukiandaliwa kwa uchapishaji, hali ya siasa ilizidi kuwa mbaya. Japani ilikuwa vitani na China tangu mwaka 1937, na uhusiano wake na Uingereza na Marekani ulikuwa unavunjika. Kiingereza, kilichokuwa somo lenye heshima, kilianza kutazamwa kama lugha ya adui. Walimu wengi wa kigeni waliondoka.

Hornby alikuwa bado Tokyo wakati Japani iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941 na kuingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza. Akiwa raia wa nchi ya adui, aliwekwa kizuizini pamoja na Waingereza wengine. Mwaka 1942 aliweza kuondoka Japani katika mpango wa kubadilishana raia kati ya pande mbili zilizokuwa zikipigana. Mabadilishano ya raia wa Uingereza na wa Japani mwaka huo yalifanyika katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mji mkuu wa Msumbiji. Ureno, iliyoitawala nchi hiyo, haikuwa na upande wowote vitani.

Kazi ya miaka mingi ingeweza kupotea wakati huo. Hata hivyo kampuni ya Kaitakusha ya Tokyo iliichapisha kamusi mwaka huohuo wa 1942, kwa jina la Idiomatic and Syntactic English Dictionary, yaani kamusi ya Kiingereza ya nahau na miundo ya sentensi. Hivyo kamusi ya lugha ya adui, iliyotungwa na raia wa nchi adui, ilichapishwa katikati ya vita na Wajapani waliothamini kazi ile. Baada ya vita iliendelea kutumiwa na wanafunzi wa Kijapani kwa miaka mingi.

== Iran na British Council ==

Baada ya kutoka Japani, Hornby alijiunga na British Council, shirika la Uingereza linaloshughulikia utamaduni na elimu katika nchi za nje. Alipelekwa Iran, akafanya kazi Tehran hadi vita vilipokwisha. Huko alikutana na wanafunzi wenye lugha mama tofauti kabisa na Kijapani, ila matatizo yao katika matumizi ya maneno yalifanana na yale aliyoyaona Oita.

Mwaka 1945 alirudi London kuwa mshauri wa lugha wa British Council. Mwaka 1946 alianzisha jarida la English Language Teaching na kuwa mhariri wake wa kwanza. Jarida hilo liliwapa walimu wa nchi mbalimbali nafasi ya kusoma kuhusu mbinu za kufundisha bila kuhitaji elimu ya juu ya isimu. Makala zilikuwa fupi na za vitendo, na nyingine ziliandikwa na Hornby mwenyewe. Katika makala alizochapisha mwaka 1950 alieleza njia ya kufundisha miundo mipya kwa kutumia vitu na matendo yanayoonekana darasani, badala ya kuanza na kanuni. Jarida hilo bado linachapishwa hadi leo kwa jina la ELT Journal.

Mwaka 1950 aliacha kazi ya British Council ili atumie wakati wake wote kuandika.

== Toleo la Oxford ==

Mwaka 1948 kamusi ya Tokyo ilitolewa upya na Oxford University Press kwa jina la A Learner's Dictionary of Current English. Kurasa hazikupangwa upya. Zilipigwa picha kutoka kitabu cha Kijapani na kuchapishwa jinsi zilivyokuwa. Mwaka 1952 neno la kuonyesha kwamba ni ya wanafunzi wa ngazi ya juu liliongezwa katika jina, ikawa The Advanced Learner's Dictionary of Current English.

Wakati ulikuwa mzuri. Baada ya vita mahitaji ya Kiingereza yaliongezeka haraka katika Asia, Afrika na Mashariki ya Kati. Shule na vyuo vilifunguliwa, na nchi nyingi zilizokuwa zikielekea uhuru zilibaki na Kiingereza kama lugha ya elimu ya juu au ya mawasiliano na mataifa mengine. Kwa mamilioni ya wanafunzi kamusi ya Hornby ikawa kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichoandikwa kwa kuwafikiria wao.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1963, likiwa limepangwa upya kabisa. Toleo la tatu lilitoka mwaka 1974, Hornby akisaidiwa na A. P. Cowie na, kwa upande wa matamshi, J. Windsor Lewis. Hilo ndilo lililokuwa toleo la mwisho kusimamiwa na Hornby mwenyewe.

== Vitabu vingine ==

Hornby alitambua kwamba kamusi kubwa haimfai kila mwanafunzi. Mwaka 1952 alitoa, pamoja na E. C. Parnwell, kamusi mbili ndogo: The Progressive English Dictionary kwa wale walio katika hatua za chini, na An English-Reader's Dictionary kwa wale wa ngazi ya kati. Kwa hiyo mwanafunzi aliweza kupanda hatua kwa hatua, kutoka kamusi ndogo hadi ile kubwa, bila kubadilisha namna ya kufanya kazi.

Mwaka 1954 alichapisha A Guide to Patterns and Usage in English, kitabu cha sarufi kilichoeleza kwa urefu miundo iliyotajwa kwa namba katika kamusi. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1975. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 alitunga pia mfululizo wa vitabu vya kozi, Oxford Progressive English for Adult Learners, uliotumiwa na watu wazima katika nchi nyingi. Kuanzia mwaka 1959 alitoa mfululizo mwingine kwa ajili ya walimu, The Teaching of Structural Words and Sentence Patterns, unaoonyesha namna ya kuwasilisha kila muundo darasani.

== Mfuko wa Hornby ==

Mauzo ya kamusi yalimletea Hornby mapato makubwa. Mwaka 1961 alianzisha mfuko wa elimu, A. S. Hornby Educational Trust, na kuupa sehemu kubwa ya mapato hayo. Aliona kwamba fedha zilizotoka kwa wanafunzi na walimu wa Kiingereza wa nchi za nje zinapaswa kuwarudia.

Mfuko huo umewalipia walimu kutoka nchi nyingi masomo ya juu nchini Uingereza, kwa sharti la msingi kwamba elimu wanayoipata iwanufaishe wenzao nyumbani. Umegharamia pia mafunzo ya walimu katika nchi zao. Shughuli hizo zimeendelea baada ya kifo chake.

== Miaka ya mwisho na kifo ==

Hornby alitunukiwa nishani ya OBE na serikali ya Uingereza, na University College London, chuo alichosoma ujanani, kilimpa heshima ya kuwa mwanachama wake. Mwaka 1978, alipotimiza miaka 80, wanaisimu na walimu walimtolea kitabu cha makala kilichohaririwa na Peter Strevens.

Alifariki London tarehe 13 Septemba 1978, mwezi mmoja hivi baada ya siku hiyo ya kuzaliwa.

== Ukosoaji na mabadiliko ==

Mfumo wa Hornby haukukosa udhaifu. Namba za miundo ya vitenzi zilikuwa ngumu kukumbuka, na katika toleo la mwaka 1974 ziligawanywa zaidi kwa kuongezewa herufi. Mwanafunzi aliyeona alama kama VP6A alilazimika kurudi kwenye maelezo ya mwanzo ili ajue maana yake, na wengi hawakufanya hivyo. Walitumia kamusi kutafuta maana na tahajia tu, wakaiacha sehemu ambayo Hornby aliithamini kuliko zote. Toleo la nne, lililohaririwa na Cowie na kutoka mwaka 1989, lilibadilisha namba hizo kwa herufi zinazoashiria muundo wenyewe, na matoleo yaliyofuata yakarahisisha zaidi, hadi muundo ukawa unaonyeshwa kwa maneno ya kawaida na mifano.

Udhaifu wa pili ulikuwa katika fasili. Hornby alijitahidi kuandika kwa Kiingereza chepesi, lakini hakujifunga kwa orodha maalumu ya maneno. Michael West alikuwa tayari amefanya hivyo katika kamusi yake ndogo ya mwaka 1935, iliyotumia maneno 1,490 kueleza maneno mengine yote. Mwaka 1978, mwaka aliofariki Hornby, kampuni ya Longman ilitoa kamusi kubwa ya wanafunzi ambayo fasili zake ziliandikwa kwa maneno yapatayo 2,000. Toleo la tano la kamusi ya Oxford, mwaka 1995, lilifuata njia hiyo.

Udhaifu wa tatu ulitokana na wakati. Hornby na wenzake walitegemea usomaji wao, kumbukumbu zao na makosa ya wanafunzi waliowafundisha. Mwaka 1987 kamusi ya Collins COBUILD, iliyotungwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Birmingham, ilionyesha uwezo wa kompyuta wa kuchunguza mamilioni ya maneno yaliyotumiwa na watu katika maandishi na mazungumzo. Tangu hapo kamusi zote kubwa za wanafunzi hutumia hazina za aina hiyo. Lakini uchunguzi huo wa kompyuta ulithibitisha jambo ambalo watafiti wa Tokyo walilisema mwaka 1933, kwamba sehemu kubwa ya lugha hupangwa kwa mafungu ya maneno yaliyozoeana.

== Urithi ==

Kamusi ya Hornby imefikia toleo la 10, lililotoka mwaka 2020, na inapatikana pia kwenye simu na intaneti. Jina lake bado limo katika kitabu hicho.

Katika Afrika ya Mashariki kamusi hiyo inajulikana sana shuleni na vyuoni. Nchini Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na shule za sekondari kwa Kiingereza, mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukutana ghafla na vitabu vya sayansi, historia na jiografia katika lugha ambayo hadi hapo ilikuwa somo moja tu. Shida yake inafanana na ile ya vijana wa Oita mwaka 1924: anakariri maneno mengi kabla hajaweza kuyatumia. Alama ndogo zilizo kando ya vidahizo, zinazoeleza kama nomino inahesabika na kitenzi kinafuatwa na nini, ziliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi wa namna hiyo.